Mama yangu na safari ya meno



Wiki tatu zilizopita, tulipomaliza mkutano na kuanza kugawa chai, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ni kweli mama yako aliwekewa meno ndani ya mfupa? Na hakupata shida?" Nilianza kucheka, halafu nikaona yeye hacheki. Alikuwa ameshika pindo la kikwembe mbele ya mdomo, sawasawa na mama yangu alivyofanya kwa miaka 9. Nikarudi nyumbani, nikamwomba mama ruhusa ya kusimulia. Akanijibu: "Andika, lakini jina langu usiweke. Kwenye kwaya bado kuna wanaoamini ni meno niliyozaliwa nayo."

Mama yangu ni mjane wa miaka 64, tunakaa naye hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Alizaa watoto 7, na kila alipozaa alisema mtoto ameondoka na jino. Nyumbani tulikuwa tunataniana nani alichukua lipi. Mimi, inasemekana, nilichukua la mbele.

Wengi wetu tumelisikia jambo hilo kwa mabibi zetu, na si kweli. Mtoto aliye tumboni hanyonyi meno ya mama yake. Chakula cha mama kikiwa na upungufu wa kalisi, mwili unachota kwenye mifupa, si kwenye meno. Kinachotokea ni kingine. Wakati wa mimba homoni zinafanya fizi zivimbe na kutoka damu kirahisi, na mama anayetapika kila asubuhi anaosha meno yake kwa asidi ya tumbo. Anaona damu, anaogopa mswaki, anauacha. Uchafu unajikusanya chini ya ufizi, mfupa unaoshikilia jino unalika polepole, na baada ya miaka jino linaanza kutikisika. Ukifika hospitali wakati huo, wa kuziba hakuna, wa kung'oa yupo. Mama aling'olewa moja moja namna hiyo, mpaka alipofika miaka 55 akabaki na fizi tupu, juu na chini.

Kwa hiyo dada zangu wenye mimba, kabla sijaendelea na habari ya mama: ukitapika, sukutua kwa maji kwanza, ngoja kama nusu saa ndipo upige mswaki. Damu ya fizi isikufukuze kwenye mswaki. Na jino likiuma usisubiri kujifungua. Mjamzito anatibiwa meno, na mwezi wa 4 hadi wa 6 ndiyo miezi iliyo myepesi zaidi.

Tulimtengenezea mama dantie hapa mjini, ya juu na ya chini, zile za plastiki ngumu za kuvaa na kuvua. Ya juu ilimkaa vizuri tangu siku ya kwanza. Ya chini ilimtesa. Nilidhani fundi aliharibu kazi, hata nilimsema vibaya kwa watu, na leo najua nilimwonea. Dantie ya juu inashikwa na paa lote la kinywa: mate yanafanya kama gundi, hewa haipiti, inabaki. Chini hakuna paa. Kuna ukingo mwembamba wa ufizi, na katikati kuna ulimi ambao haupumziki. Juu ya hayo, mfupa wa taya usiokuwa na meno ya kuubeba hupungua. Mwaka wa kwanza baada ya kung'oa unapungua haraka, kisha unaendelea kidogo kidogo maisha yote. Dantie iliyokukaa mwaka huu, baada ya miaka michache inaogelea.

Ya mama iliogelea. Siku moja kwenye mazoezi ya kwaya, wakiwa katikati ya haleluya, ile ya chini ilimtoka ikaanguka kwenye benchi la mbele. Aliiokota kwa kitambaa, akasema kichwa kinamuuma, akarudi nyumbani kwa miguu. Miaka miwili hakurudi kwenye kwaya. Dantie ya chini ikahamia kwenye kikombe juu ya kabati, na mama akahamia jikoni: alikuwa anangoja sisi tumalize kula ndipo ale peke yake. Sombe sawa, ugali sawa, sambaza mpaka tumpondee. Nyama ya mbuzi, miwa, mahindi ya kuchoma, hapana.

Mama yangu si wa pekee. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 60 na zaidi duniani, karibu 23 hawana jino hata moja. Tunaishi nao, tunawasaga chakula, na hatuwaulizi kitu.

Aliyeuliza ni dada yangu mkubwa aliye Ubelgiji. Kila Jumapili anapiga simu ya video, na kila Jumapili mama alikuwa anashika kikwembe mdomoni. Siku moja dada alilia. Kesho yake akatuma ujumbe: atamlipia mama meno ya kudumu, yote, juu na chini, hata kwa mkopo. Alikuwa ameona tangazo la "meno mapya kwa siku moja".

Sasa nieleze kidogo kitu chenyewe, kwa sababu hata mimi sikukijua.

Implanti ni skrubu ndogo ya titani, urefu wake kwa kawaida ni kama sentimita moja, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi wa jino. Mafundi wetu wangeiita visi. Ajabu yake ni kwamba mwili haukatai titani: mfupa unakua na kuikumbatia kabisa. Aliyegundua hivyo ni mganga wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, naye hakuwa anatafuta meno. Mwaka 1952 alikuwa anachunguza damu ndani ya mifupa ya sungura, akitumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, vikagoma, mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na taya lenye kasoro na hakuwa na meno ya chini. Mtu huyo alikufa mwaka 2006, na implanti zake zilikuwa bado zinafanya kazi. Miaka 40 na zaidi! Dantie ya plastiki ikifika miaka 10 tunaisifu.

Kwa mtu asiye na jino kabisa, watu hufikiri atawekewa skrubu moja kwa kila jino. Hapana. Njia moja ni kuweka 4 kwenye taya, zile mbili za nyuma zikilazwa kidogo ili zikwepe mshipa wa fahamu wa chini au uwazi wa hewa ulio juu, halafu daraja la meno yote linafungwa juu yake na halitoki isipokuwa daktari alifungue. Aliyeeneza njia hiyo ni daktari Mreno, Paulo Malo, wa Lisbon. Hapo ndipo neno "siku moja" linapotoka, na hapo ndipo tangazo linaponyamaza: meno unayoondoka nayo siku hiyo ni ya muda. Mfupa unahitaji miezi kushika, na meno yenyewe ya kudumu yanakuja baadaye. Njia nyingine ni kuweka mbili tu mbele, kwenye taya la chini, na kuzifungia dantie kwa vibonyezo, kama vifungo vya kubonyeza vya nguo ya mtoto. Unaivua usiku, unaiosha, asubuhi unaibonyeza mahali pake. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, huko Montréal, walitamka kwamba njia hiyo ya implanti mbili ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kufikiriwa kwa mtu asiye na meno ya chini.

Hayo tuliyaelewa vizuri Kigali. Tulivuka Ruzizi asubuhi na mapema, tukapanda basi Kamembe, tukapita kona zote za msitu wa Nyungwe mama akiwa amefumba macho. Daktari alimpokea kwa heshima, akimwita Mukecuru. Alimpiga radio ya mataya yote mawili. Aliuliza maswali mengi: unavuta sigara? Unakunywa dawa gani? Uliwahi kupigwa miali ya kansa kichwani au shingoni? Uliwahi kudungwa dawa za kuimarisha mifupa? Halafu akaomba damu ipimwe sukari.

Sukari ilikuwa juu sana. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakuna aliyejua, si yeye, si sisi. Ile kiu, ule uchovu, kule kuamka usiku mara tatu, tulisema ni uzee.

Daktari alikataa kumgusa. "Mukecuru, nikiweka leo, kidonda hakitapona vizuri, na mfupa unaweza kukataa. Rudi kwa daktari wa sukari kwanza. Ikishuka na kukaa chini, tutafanya." Tulirudi Bukavu bila meno, na kitabu cha dawa mkononi. Mama alinuna njia nzima. Mimi nilikuwa nasali kimyakimya, namshukuru Mungu kwa ile radio na ile sindano ya damu. Wamama, kama mganga wa meno anataka kukuwekea implanti siku ya kwanza bila kukuuliza afya yako, chukua kikapu chako utoke.

Ilichukua miezi minne kuishusha sukari. Ndani ya miezi hiyo ndipo vita vya familia vilipokuwa vikali, kwa sababu sasa tulikuwa na bei. Nawaandikia bei tuliyopewa sisi, ya mahali pengine itakuwa nyingine. Madaraja mawili ya kudumu, juu na chini, implanti 8 kwa jumla: zaidi ya dola 12 000. Implanti mbili chini, pamoja na dantie mpya za juu na chini: dola 2 600. Kutengeneza upya dantie za kawaida tu: dola 500. Safari na kulala havimo.

Dada alitaka ya kwanza. Alikuwa amekwisha kuuliza banki. Tulikaa sebuleni, simu imesimamishwa kwenye termosi, sura ya dada imejaa kioo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dola elfu kumi na mbili mdomoni mwangu, na watoto wa marehemu kaka yenu wanafukuzwa shuleni kwa minervali? Nitatafunaje?"

"Mama, pesa ni yangu," dada akasema.

"Na mdomo ni wangu."

Dada alikata simu. Wiki mbili hakupiga. Nawaambia hili kwa sababu katika familia nyingi aliye Ulaya anapenda kutoa kitu kikubwa, na sisi tuliobaki tunaogopa kumwambia kwamba kidogo kingetosha. Dada alikuwa na sababu yake: huko aliko anawahudumia wazee wenye meno yao yote, kisha Jumapili anamwona mama yake anaficha mdomo. Aliporudi kwenye simu hakugusa habari ya 12 000 tena. Aliuliza tu, hizo mbili zitawekwa lini.

Siku yenyewe mama hakulazwa usingizi. Alidungwa sindano ya ganzi kama ya kung'oa jino, akakaa kitini kama saa moja. Anasema alisikia mtikisiko na kelele ya mashine, maumivu hapana. Usiku wa kwanza shavu lilivimba, akanywa dawa za maumivu, na kwa siku kadhaa alikunywa uji wa soya, supu ya samaki iliyochujwa na ndizi za kuponda. Siku ya 10 nyuzi zilitolewa. Baada ya hapo ni kungoja. Taya la chini kwa kawaida linahitaji karibu miezi 3, la juu huomba zaidi kwa kuwa mfupa wake ni laini. Dantie ya zamani ilikwanguliwa ndani ili isikandamize kidonda, na mama akakatazwa vitu vigumu. Hapo ndipo subira inapopimwa, kwa sababu hausikii maumivu tena na unajiona umepona. Nilimkamata mara moja na kipande cha muwa. Alikitemea mkononi kama mtoto.

Tulirudi Kigali, daktari akapima kama implanti zimeshika, akafunga vibonyezo, na safari iliyofuata akamkabidhi dantie mpya. Kwa jumla ni safari 6 tangu mwanzo. Atakayepanga bajeti ahesabu safari zote, asihesabu siku ya upasuaji peke yake. Ahesabu pia kwamba ndani ya dantie kuna pete ndogo za nailoni zinazoshika vibonyezo, zinachakaa, na kila baada ya mwaka hivi zinabadilishwa. Ni kazi ya dakika chache, lakini lazima awepo anayezijua. Tuliuliza jina la aina ya implanti, tukapewa karatasi yenye namba zake, na karatasi hiyo inakaa pamoja na kadi ya chanjo za watoto. Siku mganga huyo akihama, mwingine atajua alete kifaa gani.

Je, zinaweza kukataa? Ndiyo. Nyingi zinadumu, zaidi ya 90 kati ya 100 baada ya miaka 10, lakini hizo chache zilizobaki zina wenyewe. Zinazokataa mwanzoni, mara nyingi mfupa haukushika. Zinazokataa baadaye, adui ni yuleyule aliyemla mama meno ya kwanza: uchafu kwenye ufizi. Skrubu haitoboki kama jino, lakini ufizi unaoizunguka unaugua, na mfupa unalika kimya bila kuuma. Sigara inaongeza hatari hiyo, na sukari isiyotunzwa vilevile. Mama anasugua vile vibonyezo asubuhi na jioni kwa mswaki laini. Dantie anaivua usiku, anaiosha kwa sabuni ya kawaida na mswaki wake wa pekee, anailaza kwenye maji ya baridi. Maji ya moto yanaipinda. Na asiyeivua usiku anakaribisha ukungu kinywani, fizi zinakuwa nyekundu na kuwaka. Hilo linawahusu hata wenye dantie za kawaida.

Maana wengi wetu tutabaki na za kawaida, na si aibu. Dola 2 600 si pesa ya mchezo. Likelemba yetu ingezunguka muda gani kufika huko? Dantie ya kawaida iliyopimwa vizuri, ikarekebishwa ndani kila inapolegea badala ya kuachwa kwenye kikombe, inamrudisha mtu mezani. Laiti tungeirudisha ile ya mama kwa fundi mwaka wa pili, labda ingemvusha miaka mingine. Hatukuirudisha. Tulisema ndivyo zilivyo. Ninachowaomba mkimbie ni wale vijana wa mkoba wanaozunguka sokoni na kugandisha meno ya plastiki moja kwa moja juu ya ufizi kwa franga kidogo. Nimemwona mama mmoja aliyefanyiwa hivyo. Haiwezekani kuvua, haiwezekani kusafisha, na harufu yake ilimtenga na watu kuliko pengo alilokuwa nalo.

Mnaniuliza sasa mama anakula nini. Anakula mezani, pamoja na sisi. Nyama ya mbuzi anaitafuna taratibu, upande huu na upande ule, kama daktari alivyomfundisha. Si meno ya kuzaliwa, yeye mwenyewe anasema hayana ladha ileile, na mbegu ya nyanya ikiingia chini ya dantie inamchoma kama msumari. Sukari anaipima kila wiki. Kwenye kwaya amerudi, safu ya pili.

Mahindi ya kuchoma nilimletea jioni ileile tuliyorudi Kigali mara ya mwisho. Aliyashika, akayageuza, kisha akaanza kuyapukuchua punje mojamoja kwa vidole, kama alivyozoea miaka yote ile. Nikamwambia, "Mama, uma tu." Akaniangalia, akaendelea kupukuchua.

Jumatano atakuja kwenye mkutano. Mwenye swali amuulize yeye mwenyewe, asinivute mimi pembeni. Anapenda sana kuivua na kuonyesha vibonyezo vyake, kwa hiyo chai tuinywe kwanza.